UZI: Chembe (kichwa cha mshale) cha mazoezi kinapiga katikati, chembe kipana kinakimbilia kulia. Miezi mitatu yangu na mishale ya kuwindia

#1 FundiKeko

Wakuu, habari za majukumu. Uzi ni mrefu, asiye na bando asogee pembeni.

Mimi ni seremala, kazi zangu ziko Keko. Upinde niliokuwa naujua ni ule wa fito na kamba ya katani tuliokuwa tunalengea mijusi utotoni. Mwaka jana akaja mteja, mwindaji mwenye leseni yake, anataka kasha la mninga la kubebea upinde. Kazi ilipokwisha tukaelewana sehemu ya malipo nichukue upinde wake wa zamani: rikavu, ule wenye ncha zinazopinda kwenda mbele, nguvu ya kuuvuta pauni 45, pamoja na mishale 12 ya kaboni yenye urefu wa inchi 29. Usingizi wangu uliishia hapo.

Jumapili asubuhi huwa navuka na pantoni hadi kiwanja cha shemeji, Gezaulole. Shabaha nimetengeneza mwenyewe: sandarusi tatu zilizoshindiliwa matambara ya mitumba, na mbele yake vipande vya sponji vinavyobaki kwa mafundi makochi, vimebanwa kwa mbao kama sandwichi. Mita 18, chembe cha mazoezi (kile cha duara chenye ncha kama risasi), mishale sita naiweka ndani ya sahani ya chai. Nikaanza kujiona mtu.

Siku mteja aliponipa vyembe vipana vitatu, vile vyenye mabapa makali vya kuwindia halisi, heshima yote ikaondoka. Mkono uleule, upinde uleule, mshale uleule. Vikaenda kulia karibu shibiri nzima na chini kidogo, na kila kimoja kikatua kwake.

Nilichofanya ni kile ambacho nadhani kila mgeni wa mambo haya hufanya: nilihamisha alama ya kulengea. Nikasogeza mpaka vyembe vipana vikakaa katikati kwa mita 18. Nikarudi nyuma hadi mita 25, vikatoka tena. Nikasogeza tena. Mwezi mzima ukaisha hivyo.

Aliyenizindua ni mteja mwenyewe, kwa sentensi moja kwenye simu: "Fundi, unahamisha mlango kwa sababu ukuta umepinda."

Basi nianze na kisa cha chembe kipana kutofanana na mwenzake. Yale mabapa ni mabawa, tena yako mbele. Mshale ukitoka kwenye upinde umenyooka sawasawa, mabawa ya mbele hayana la kufanya. Ukitoka umeinama hata kidogo, mkia uko kulia na kichwa kinatazama kushoto au kinyume chake, upepo unayashika mabapa na yanaanza kuendesha mshale kwa nguvu zao. Manyoya ya nyuma nayo yanavuta kuunyoosha. Kwa chembe cha mazoezi manyoya hayana mpinzani, kwa hiyo hata mshale uliotoka vibaya unanyooka njiani na wewe unajisifu. Kwa chembe kipana ni mvutano wa kamba, mbele na nyuma. Kosa lilikuwepo siku zote, ila manyoya yalikuwa yanakufichia siri.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la aibu. Vyembe vyangu vya mazoezi vilikuwa vya greni 100, vipana vilikuwa 125. Greni 25 ni kama gramu 1.6 hivi, unaweza kuona si kitu. Lakini iko kwenye ncha kabisa, na mshale unapoachiwa unapinda kama samaki kabla haujanyooka. Ukiongeza uzito mbele unapinda zaidi. Nilikuwa nalinganisha mishale miwili tofauti nikidhani ni mmoja. Nilikwenda kwa sonara ninayefahamiana naye Kariakoo akanipimia vyote kwenye mzani wake wa dhahabu. Hata vile vipana vitatu vyenyewe havikulingana. Nikatafuta vya mazoezi vya 125, kazi ikaanza upya.

Kosa la pili ndilo lililonikera zaidi kwa sababu ni la fani yangu. Miisho ya mishale haikukatwa skwea. Mimi ninayegombeza vijana dukani kwa mguu wa meza uliokatwa mshazari, nilikuwa napiga mishale iliyokatwa mshazari! Mwisho ukiwa umelala upande, kile kijiti cha chuma kinachopokea chembe kinakaa upande, na chembe nacho kinafuata. Chembe cha mazoezi ni cha duara na chepesi kusamehe, hutaona kitu. Chembe kipana kilichokaa upande ni usukani uliofungwa umekunjwa.

Kupima ni rahisi. Nilichukua ubao, nikapigilia beringi nne ndogo za viatu vya magurudumu vya watoto, mbili mbele mbili nyuma. Unalaza mshale juu yake, unauzungusha kwa kidole, unatazama ncha. Ikitulia kama sindano, mzima huo. Ikichora kaduara, mgonjwa. Kati ya 12 wangu, wagonjwa walikuwa saba. Nikapasha moto chembe (chembe, siyo kaboni, kaboni ikipata moto gundi yake inaharibika), nikavuta vijiti, nikasugua miisho kwa msasa uliobandikwa kwenye kibao chenye pembe ya skwea, nikarudisha na gundi. Wakapona watano. Wawili nimewafanya vijiti vya nyanya.

Baada ya hapo makundi yakabana. Vyembe vipana vikaanza kukaa pamoja. Lakini pamoja KULIA.

Naendelea posti inayofuata, mteja amefika.

#2 Kijukuu cha Manzese

Ngoja wajuzi waje. Mimi nipo siti ya dirishani na karanga zangu.

#3 Mzee wa Fact

Mkuu, unavuka pantoni na upinde na hawakukamati? 😂 Na kama huwindi, chembe kipana cha nini, unataka kuchoma mishikaki?

#4 FundiKeko

Mzee wa Fact, upinde uko kwenye kasha, watu wanadhani mimi ni mpiga gitaa wa kanisani. Siku moja mama mmoja aliniomba nimwimbie.

Kuwinda siwindi. Mwenye leseni ni mteja wangu, mimi nimekuwa fundi wake wa mishale na malipo yanaingia. Uwindaji bila leseni ni kosa, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 ipo na TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori) wapo. Asije mtu akasoma uzi huu halafu akajikuta Mikumi na podo mgongoni.

Tuendelee. Kulia.

Mshale una kitu kinaitwa spaini, yaani ugumu wake wa kupinda. Kiwanda hulaza mshale kwenye maegemeo mawili yaliyo umbali wa inchi 28, wananing'iniza uzito wa gramu 880 katikati, wanapima umeshuka kiasi gani. Ukishuka inchi 0.600 unaandikwa 600. Ukishuka 0.500 ni 500. Kwa hiyo namba kubwa ni mshale laini, ndogo ni mgumu. Wengi tunaisoma kichwa chini miguu juu.

Mimi nilitaka kuhakikisha. Nikajaza chupa ya maji mpaka ikafika gramu 880 pamoja na kamba yake, nikaazima saa ya kupimia kwa fundi wa mashine Gerezani. Mishale yangu yote imeandikwa 600, na kweli ilicheza hapohapo, isipokuwa mmoja uliokuwa laini zaidi. Huo nao nikautoa.

Sasa, 600 kwa upinde wa pauni 45, mshale wa inchi 29, mbele greni 125, ni laini mno. Kila kimoja kati ya hivyo kinaulainisha: upinde mkali, mshale mrefu, kichwa kizito. Ile namba ya kiwandani ni ya mshale uliolala mezani, haujui wewe umeufunga nini.

Ushahidi niliupata kwa mshale uchi. Unatoa manyoya kwenye mshale mmoja, unaupiga pamoja na wenye manyoya, vyembe vya mazoezi vya uzito uleule. Usiwahi kufanya hivi na chembe kipana, hakuna manyoya ya kukizuia na hujui kitaishia wapi. Wenye manyoya wanakwenda unapolenga. Uchi unasema ukweli. Kwa mtu wa mkono wa kulia anayevuta ugwe (kamba ya upinde) kwa vidole kama mimi:

uchi ukitua kulia, mshale ni laini; ukitua kushoto, ni mgumu. Ukitua chini ya wenzake, kifundo cha kwenye ugwe, pale mkia wa mshale unapokaa, kiko juu mno, kishushe. Ukitua juu, kipandishe. Wa mkono wa kushoto wageuze hizo za kulia na kushoto, za juu na chini zinabaki.

Wangu ulitua kulia na chini. Sawasawa na vyembe vipana! Nilikaa chini kwenye mchanga nikacheka peke yangu.

Nikaanza na chini, kwa sababu kifundo kikiwa si sawa mshale unadunda kwenye upinde na kukudanganya kuhusu mengine yote. Kilikuwa milimita 15 juu ya usawa wa skwea. Nikakishusha hadi 12. Uchi ukapanda ukalingana na wenzake.

Halafu nikakata. Nusu inchi, mishale miwili tu kwanza, siyo yote. Ukikata yote na ukakosea, kaboni hairudi kama nywele. Kutoka 29 nikafika 28.5. Uchi ukasogea kutoka shibiri hadi vidole vinne kulia. Hapo nikasimama, kwa sababu mimi navuta inchi 27 na chembe kipana lazima kibaki mbele ya mkono unaoshika upinde ninapovuta mpaka mwisho. Ukiufupisha mshale kupita hapo, bapa linakuja kwenye kidole chako.

Nilipo sasa ni hapo. Nafikiri kuagiza 500 badala ya kuendelea kukata. Wenye uzoefu karibuni.

#5 Mtwana wa Upepo

FundiKeko, kabla hujaagiza: unapiga saa ngapi? Nimeishi Kigamboni. Kusi ikishaamka saa nne asubuhi inatoka baharini moja kwa moja. Vidole vinne kulia vinaweza kuwa upepo tu.

#6 FundiKeko

Mtwana wa Upepo, umegusa penyewe. Mwanzoni nilikuwa nafika saa nne baada ya ibada na matokeo yalikuwa yanabadilika kila wiki. Siku hizi nipo pale saa kumi na mbili na nusu, majani ya mnazi yakiwa yametulia. Yakianza kucheza nafunga kasha. Chembe kipana kinashikwa na upepo wa ubavuni kuliko cha mazoezi, kwa hiyo siku ya upepo utarekebisha upinde kwa kosa la bahari.

Jambo jingine: siamini mshale mmoja. Napiga mitatu ya aina hii, mitatu ya aina ile, mara tatu, natazama makundi. Kuna Jumapili niliona uchi umehamia kushoto ghafla nikadhani nimegundua kitu, kumbe nilikuwa naushika upinde kwa ngumi kama nimebeba ndoo. Upinde unataka kukaa kwenye kitako cha kiganja, vidole vimelegea. Ukiukaba unaupinda wakati mshale unaondoka.

#7 Pauni Sitini

Mimi natumia kompaundi, ile yenye magurudumu, na navutia kifaa cha mkononi siyo vidole. Hii ya uchi kulia ni laini, kushoto ni mgumu, kwangu haikai vizuri. Nikipiga mshale kupitia karatasi naona tundu limechanika kushoto, nikibadilisha mshale mgumu hakibadiliki kitu. Nifanye nini?

#8 FundiKeko

Pauni Sitini, kwa kompaundi mimi ni mwanafunzi, nasema nilichofanya kwenye upinde wa mteja tu. Kwenye kompaundi mshale haupindi sana kwa upande kwa sababu hakuna vidole vinavyousukuma, kwa hiyo tatizo la kulia na kushoto mara nyingi ni pale mshale unapoegemea, resti.

Hakikisha kwanza spaini inaendana na upinde, na manyoya hayagusi kitu yakipita. Njia ya kugundua: paka unga wa miguu kwenye resti na manyoya, piga, tazama palipofutika. Halafu piga vitatu vya mazoezi na vitatu vipana, uzito mmoja, mita 18 au zaidi. Resti isogeze kuelekea vilipo vya mazoezi. Vipana viko kushoto kwa vya mazoezi? Resti iende kulia. Viko chini? Resti ipande, au kifundo kishuke. Milimita moja ni nyingi, anza na nusu. Alama ya kulengea USIIGUSE mpaka makundi mawili yawe moja. Yakishaungana ndipo unahamisha yote pamoja.

Mteja alikuwa vidole vitatu kushoto. Tulisogeza mara nne, saa nzima ikapita kwa kitu ambacho ukikipima hakifiki milimita mbili.

#9 Mjukuu wa Pangani

Wanangu, nimefurahi kusoma. Ila FundiKeko unasema "mshale uchi", neno lipo: ule uti bila chembe na bila manyoya ni WANO. Wazee wetu wa pwani walisema wano la mshale na hata la chusa. Tusiache maneno yetu yakaliwa na mchwa.

#10 FundiKeko

Shikamoo mzee. Kuanzia leo ni wano.

#11 Nyikani

Nilifanya kazi Mang'ola miaka kadhaa, jirani na Wahadzabe wa Ziwa Eyasi. Hayo ya beringi yamenikumbusha. Mzee wa Kihadzabe anapasha wano kwenye moto, analiweka mdomoni, analinyoosha kwa meno, analiinua jichoni anatazama kama fundi ubao anavyotazama ubao. Anarudia hata mara ishirini. Chembe cha chuma wanafua kutoka kwenye msumari, manyoya wanatumia ya kanga na ndege wengine. Hawana namba 500 wala 600 lakini nimeona mtu akishika wano tatu, akizipinda kidogo kwa mikono, moja anaitupa. Nikamuuliza kwa nini. Akasema hii ni ya upinde wa mtoto.

Ndiyo spaini yako hiyo mkuu.

#12 FundiKeko

Nyikani, hii nimeisoma mara tatu. "Ya upinde wa mtoto." Nitaiandika ukutani karakana.

#13 Dk. wa Mitaa

Naomba niongeze mawili ya usalama maana naona watu wamechangamka. Kaboni kabla ya kila kupiga ishike miisho miwili, ipinde taratibu, izungushe, sikiliza. Ikilia "kriki" ivunje kabisa ili mwingine asije akaiokota. Mshale wenye ufa ukiachiwa unaweza kupasuka na vijiti vikaingia kwenye mkono unaoshika upinde. Nimeshuhudia mkono huo, siyo hadithi.

Pili, chembe kipana usifunge kwa vidole. Kuna spana yake ndogo. Asiye nayo achonge kipande cha mti chenye ufa. Na unapokata kaboni kwa greinda, vaa barakoa, lowanisha. Lile vumbi si la kuvuta.

#14 FundiKeko

Dk. nakubaliana na yote. La vidole nina kovu.

#15 Kijukuu cha Manzese

Karanga zimeisha. Swali la mjinga: kwa nini usiweke manyoya makubwa tu yashinde hayo mabapa, ukaachana na chupa za maji?

#16 FundiKeko

Siyo la mjinga. Manyoya makubwa yanasaidia. Nimetoka ya inchi 4 kwenda 5, tena nimeyabandika kwa kuyapinda kidogo ili mshale uzunguke hewani kama kifuu kilichorushwa. Ukizunguka, kosa la bapa linagawanyika pande zote badala ya kuvuta upande mmoja. Lakini ukitegemea manyoya peke yake unalipa kwa mwendo: yanashika hewa, mshale unapungua kasi na kushuka mapema ukiwa mbali. Na hapa Dar na unyevu wetu, nyoya likilowa linalala kama kuku wa mvua. Mimi nayatumia kama bima. Kwanza mshale utoke umenyooka.

Na uwiano nao. Kwenye wano la 28.5, nikilining'iniza kwenye ukingo wa rula likiwa na chembe cha 125, linatulia inchi 17.7 kutoka nyuma. Nusu ya urefu ni 14.25. Tofauti 3.45, gawa kwa 28.5, unapata asilimia 12 na kidogo mbele ya katikati. Wengi wanasema kati ya 10 na 15 panatosha. Nilipokuwa na 100 lilikuwa kama 10 tu. Kichwa kizito kinampa nyoya wenzo mrefu zaidi wa kuvutia, ila ndiyo hivyo, kinalainisha wano. Ukivuta huku, kule kunafunuka.

#17 FundiKeko

MREJESHO. Wano za 500 zimefika, sita. Nimezikata 28.5, miisho skwea, beringi zote zimetulia. Nimepima kwa chupa, nimepima kwa sonara.

Jumapili saa kumi na mbili na nusu, majani ya mnazi hayatikisiki. Wano tupu likatua vidole viwili kushoto kwa wenzake, yaani gumu kidogo, nami nimeambiwa gumu kidogo ni afadhali kuliko laini kwa chembe kipana. Nimeliacha. Vya mazoezi vitatu, vipana vitatu, mita 18: sahani moja ya chai. Mita 25: sahani ya wali. Sikugusa alama ya kulengea hata mara moja.

Hasara: chembe kipana cha tatu kimepita katikati ya manyoya ya cha kwanza, kimeyanyoa yote upande mmoja. Kwa hiyo natafuta manyoya ya bata mzinga, ya bawa moja tu, yote ya kulia au yote ya kushoto, maana yamepinda kwa asili na ukichanganya kwenye mshale mmoja yanagombana. Mwenye kujua yanapopatikana hapa mjini anipe taarifa.

#18 Mama Chanika

Jirani yangu huku ana bata mzinga wanne. Nimemuuliza kwa ajili yako. Anasema manyoya hauzi, anauza bata mzima.

#19 FundiKeko

Bei gani, dada?

#20 Kijukuu cha Manzese

Chukua bata. Manyoya yako, supu yetu.